Nyongeza ya Kiyoyozi cha Kalenga

Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenikuta mimi, mchana kweupe, nimeshiba na akili zangu nimezihesabu mara mbili. Ukiona ni uongo, sawa, ila soma mpaka mwisho, kwa sababu kuna neno humu ambalo na wewe unalisema kila ukienda sokoni.

Nauza viazi Uyole, Mbeya, penye baridi. Huku kwetu mtu akikwambia anatafuta kiyoyozi, unamshika paji la uso kuona kama ana homa. Nilipomwambia mwenzangu wa meza ya jirani kwamba nakitafuta, alicheka mpaka akakalia gunia. "Kiyoyozi? Uyole hii? Wewe mama, fungua dirisha, cha bure hicho!"

Hakikuwa cha kwangu. Baba yangu alikuwa anaishi Idodi, kule chini kwenye joto, na moyo wake ulishaanza kumsumbua. Daktari wa Iringa alisema wazi kwamba joto lile litammaliza. Kumhamishia Mbeya? Alikataa. Mama amezikwa nyuma ya nyumba ile na mzee alisema hamwachi. Basi, kama baba haifuati baridi, baridi imfuate baba.

Nikapima chumba chake, nikarudia kupima, nikazunguka maduka ya Iringa mjini. Muuzaji wa kwanza alitaka kunibebesha mashine ya kupoza ukumbi wa harusi. Wa pili alikuwa mkweli: chumba kidogo, mashine ndogo inatosha, ila piga dari kwanza, bati tupu linameza ubaridi wote. Ushauri mzuri. Bei yake ndiyo iliyotaka kunipa na mimi ugonjwa wa moyo.

Nilipotoka, mama mmoja alikuwa amesimama barazani. Kajifunika vitenge viwili juu ya sweta, na jua linawaka. "Dada, cha dirishani ninacho nyumbani, Kalenga. Kimetumika, lakini kinapoza."

Wewe usingeenda? Nikaenda.

Kilikuwa kwenye chumba cha uani, juu ya meza, waya umeviringishwa na kufungwa kamba. Hakijachomekwa popote. Niamini, mle ndani niliona pumzi yangu mwenyewe. Nikajiambia nyumba za tofali za udongo ndivyo zilivyo. Mtu anayetaka bei nzuri hujiambia mengi.

Nikataja bei ya matusi. Akasema, "Chukua." Nikashusha tena. "Chukua." Hilo lilinikera. Mimi mtu asiponibishia naona nimeibiwa. Basi, kwa mazoea tu, kama unavyoomba viazi viwili juu ya ndoo iliyojaa, nikasema, "Na nyongeza je?"

Ndipo akaniangalia usoni. "Nyongeza unaitaka?"

"Mteja gani haitaki?"

"Sema mwenyewe, dada."

Nikacheka. "Naitaka, mama."

Akavua vitenge. Akavua sweta, akaikunja taratibu kama mtu aliyemaliza zamu. "Itakuja nacho," akasema.

Kule Idodi fundi alipiga dari, akatoboa ukuta, akakifunga. Baba akalala vizuri, mara ya kwanza baada ya miezi. Siku ya tatu nilipompelekea uji aliniambia, "Mama," maana nimerithi jina la mama yake, "mletee na mwenzangu."

"Mwenzako yupi, baba?"

"Huyu wa ukutani. Ana miguu ya baridi huyu!"

Nikahesabu waliolala pale. Mmoja. Nikafumba macho, nikahesabu tena, safari hii kwa pumzi. Wawili.

Ningeking'oa siku ile ile. Sikuking'oa. Mzee alikuwa analala, moyo umetulia, na bei ile nisingeipata tena. Hilo la mwisho naliandika ili unijue.

Siku ya tano umeme ulikatika tangu asubuhi. Saa nane mchana, watu wote wako vivulini, nikaingia kumwangalia. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza. Baba amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, kama mtu aliyempisha mwingine, na blanketi lote limevutwa upande wa ukutani. Nikamshika mkono. Nimeshika viazi vyenye umande maisha yangu yote. Ubaridi ule sijawahi kuushika.

Tulipomaliza kuzika nikakodi gari, nikakirudisha Kalenga. Nilimkuta yule mama uani, kagauni kepesi, jasho linamtoka, anamenya chungwa.

"Chukua mashine yako," nikamwambia.

"Mashine naipokea, dada. Na pesa yako nakurudishia yote. Nyongeza sipokei."

"Ile ni nini?"

"Sijui. Wengi wamekuja kukitazama, wakasikia baridi, wakaondoka. Wewe peke yako uliomba." Akainama. "Na mimi niliomba, huko nilikokinunua."

Kiyoyozi nilikiacha pale. Nyongeza nikarudi nayo Uyole. Inalala upande wa ukutani. Navaa sweta mbili mchana na usiku, na Uyole kila mtu ana sweta, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza.

Namna ya kuiondoa naijua. Ndiyo maana siku hizi namwekea mteja viazi vya juu kabla hajafungua mdomo. Wenzangu wanasema naharibu soko. Lakini nachoka, na baridi inazidi. Wiki iliyopita mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alinyoosha ndoo yake, akatabasamu: "Na nyongeza je, mama?" Nilijiziba mdomo kwa kiganja, nikammwagia karibu nusu gunia, akadhani nimerukwa na akili. Hakujua kwamba ulimi ulishaanza: unaitaka?

Ukipita Uyole ukamkuta mama wa viazi mwenye sweta mbili juani, lipa anachotaja, beba mzigo wako, ondoka. Usiombe kuongezewa hata kimoja. Mkono wa kuziba mdomo ninao, ila sijui utaniwahi mpaka lini.