Kikombe Alichokiweka Chini

Tulimwita Mfaransa, ingawa hakuwa Mfaransa. Alikuwa Mwarabu wa Afrika Kaskazini, mtu wa wizara, aliyeandika vitabu vyake kwa Kifaransa. Watu wa nchi yake walipoiangusha serikali, yeye na mkewe walikimbia na masanduku mawili. Bwana wangu, mwenye nyumba huku Uarabuni, mtaani Al Rayyan, aliwapokea akawapa fleti yake ya Al Thumama. Mimi wakati huo nilikuwa mmimina kahawa wa baraza lake, kazi niliyoifanya miaka mingi, na namshukuru Mola kwa riziki ile.

Tulizoeana kwa sababu alipenda kuuliza. Kila baada ya Magharibi alikuja barazani, na watu wakiwa hawajajaa aliniuliza mambo ya darasa nililosoma utotoni huko pwani ya Kenya: nani alinifundisha, kwa nini sisi huswali hivi, wengine vile. Hakuwa mcha Mungu sana. Lakini alisikiliza, na kusikiliza nako ni adabu.

Tatizo lilikuwa kalamu. Magazeti ya Ulaya yalichapa maneno yake juu ya watawala wapya wa kwao, na watawala hao wakalalamika kwa wakubwa wa hapa. Bwana wangu akaambiwa kwa upole, na upole wa wakubwa unatisha kuliko ukali: mgeni wako anyamaze au aondoke. Rafiki zake walimwekea chumba Paris. Lakini mkewe alikuwa mgonjwa wa figo, damu yake ikisafishwa hospitalini kila baada ya siku chache, na daktari alikwisha kusema kwamba hawezi kupanda ndege.

Palikuwa na njia moja. Kwa watu wa huku, mgeni akiweka kikombe chini bila kukinywa, maana yake ana haja. Mwenye nyumba humuuliza haja yake mbele ya wote, na akimwambia, "Kunywa kahawa yako," haja imekubaliwa, na kuirudisha nyuma ni aibu ya ukoo mzima. Bwana wangu hakuweza kumlinda kwa hiari yake mwenyewe. Lakini akiombwa barazani, mbele ya mashahidi, angekuwa na la kuwajibu wakubwa. Mwenyewe hakuweza kulitamka hilo. Mgeni ndiye aliyetakiwa aombe kubaki, naye aahidi kunyamaza.

Alasiri ya siku ambayo jambo hilo lingeamuliwa nilipeleka chakula Al Thumama. Dereva wetu alikuwa Mkenya wa Nakuru, Mkristo, mtu wa maneno mengi.

"Mzee, leo jamaa anatupwa nje," aliniambia. "Ndugu wa bosi ameapa."

"Omba Mungu wako, nami naomba wangu."

"Si ni mmoja, Mzee?"

"Basi tutamchosha. Endesha gari."

Mke wa Mfaransa alinifungulia mlango akiwa ameshika ukuta. Mikono yake ilikuwa imevimba.

"Haji, mwambie aweke kikombe chini," alisema. "Mimi hanisikii. Anasema maisha yake yote watu ndio waliomwomba yeye, hajui kuomba."

"Nitamwambia, mama."

Jioni nilimngoja Mfaransa mlangoni mwa baraza, pale panapovuliwa viatu. Nikamwambia: "Bwana, leo kiweke kikombe."

Alinitazama. "Nikikiweka wataniuliza nataka nini. Nami sijui kusema uongo nikiwa na haja."

Sikumwelewa. Nikaingia kuchukua mdila wangu wa kahawa.

Wageni hawakuwa wengi: wazee wa ukoo, na ndugu mdogo wa bwana wangu aliyekaa akichezea tasbihi bila kuvuta dhikri. Nilianza na mkubwa wao, nikafuata mkono wa kulia, mdila kushoto, vikombe kulia. Nilipomfikia Mfaransa nilimimina kidogo, kama ipasavyo. Akapokea. Akanywa.

Nikasogea kwa aliyefuata.

"Paris kuna baridi sasa," alisema yule ndugu mdogo. "Umenunua koti?"

"Baridi ya hewa naiweza," alijibu Mfaransa. "Ya watu ndiyo inayonishinda."

Wazee wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Nikammiminia cha pili. Bwana wangu hakumtazama usoni, alitazama kile kikombe. Mfaransa akakinywa hadi chini.

Vikombe vitatu ndiyo heshima. Zaidi ya hapo mgeni anaonekana hana adabu, na akikitikisa kikombe, yaani ametosheka, nakichukua, mambo yameisha. Niliona vidole vyake vikianza kukizungusha. Nilimimina haraka kabla hajakitikisa. Haifai mmiminaji kufanya hivyo, na yule ndugu mdogo aliliona.

"Mzee wa Kiafrika leo ana mkono mwepesi," alisema.

"Mwache," bwana wangu akamwambia. "Kahawa ni yangu."

Mfaransa akakishika kile cha tatu kwa muda. Halafu akakiweka zuliani mbele ya goti lake.

Bwana wangu alijiinua kidogo, na nikaona uso wake umekunjuka.

"Una haja gani, ndugu yangu?"

"Mke wangu," alisema. "Abaki kwenye nyumba yako, atibiwe, asisumbuliwe na mtu, mpaka Mungu atakapoamua. Mimi naondoka."

"Na kalamu yako?" aliuliza ndugu mdogo.

"Naondoka nayo."

Bwana wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa ameandaa jibu la ombi jingine. Kumlinda mtu anayenyamaza ni jambo moja, na kumtunza mke wa mtu anayeandika ni jambo jingine, kwani kila neno litakalotoka Paris wakubwa watalileta mlangoni kwake. Nilisimama na mdila, mkono ukiniuma. Kahawa ikipoa mimi humwaga na kuweka nyingine, lakini kikombe kilichowekwa kwa haja hakiguswi na mtu. Mvuke wake ukakoma. Mzee mmoja akakohoa. Nikasoma kimoyomoyo dua ya mtu aliyezibiwa njia, nikairudia, maana nyingine zote zilinipotea.

"Ndugu yangu," alianza yule mdogo, "fikiri kabla—"

"Nimefikiri." Bwana wangu akainua kichwa. "Kunywa kahawa yako."

Mfaransa akainywa ikiwa baridi, akakitikisa kikombe, akanipa.

Kesho yake nilipeleka chakula Al Thumama. Mfaransa alikuwa amekwenda kutafuta tiketi. Mkewe aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Alikiweka?"

"Alikiweka, mama."

"Aliomba nini?"

Kumbe hakumwambia. Nilijua si kazi yangu, lakini uongo nao si kazi yangu. Nikamweleza yote, hadi jibu la bwana wangu. Alikaa kitini polepole, akajifunika uso kwa mtandio. Nilishika sufuria nisijue niiweke wapi.

"Nilimtuma aombe abaki," alisema ndani ya mtandio. "Yeye ameniombea mimi. Mjinga. Mjinga wangu."

Nikamwambia Mola ana njia zake, na kwamba chumba cha Paris hakina kiza kama gereza la kwao. Baadaye alijifunua, akajipangusa macho.

"Weka chakula jikoni, Haji," alisema. "Kisha nisaidie kulishusha sanduku lake pale juu. Hajui hata kukunja shati."