Mtani Aliyenifungia Ndani

Daktari alisema nina otizimu. Neno usonji nililisikia miaka mingi baadaye, redioni. Siku ile niliuliza kama dawa yake ni ya kumeza au ya sindano. Akasema hakuna dawa, ndivyo nilivyozaliwa. Nikasema haya. Nikarudi nyumbani Lisekese, nikachambua mchele, nikapika, nikala. Nilingoja nisikie uchungu, au nafuu, au chochote. Wapi! Ganzi tupu.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imeachwa huria, kiwanda cha korosho kimefungwa, wanunuzi binafsi wamejaa Masasi na mizani zao, nami nachambua korosho kwenye ghala la mmoja wao. Kazi hiyo naiweza, asikudanganye mtu. Korosho mbovu naijua kwa kuishika tu. Kilichonishinda ni kelele. Siku walipoleta jenereta ghalani niliziba masikio, nikaanguka chini napiga mayowe, wakanipeleka hospitali wakidhani nimepandwa na mashetani. Ndipo nikakutana na huyo daktari.

Ndugu zangu hawakunielewa. Dada yangu alisema, "Unaanza kudeka ukubwani?" Mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye kauli, alitaka kujua ni nani kanitupia jini. Sikubishana nao. Sikujali, kusema kweli. Jambo moja tu lilinikaa rohoni: binti yangu mdogo alikuwa unyagoni, kijijini kwetu Mkunya, na baada ya wiki tatu angetolewa.

Siku ya kumtoa mwali, mama yake husimama mbele ya ngoma, akampokea na kumfunika kanga mpya. Binti yangu mkubwa alipotolewa, miaka minne nyuma, ngoma zilianza nikakimbia. Walinikuta katikati ya mikorosho nimejikunyata, viganja masikioni. Mtoto alitoka hana mama, watu wanamtazama. Tangu siku hiyo ananiamkia shikamoo, namjibu marahaba, basi, imeisha hiyo. Nikikimbia tena nitakuwa nimewapoteza wote wawili. Hilo nililijua vizuri, ganzi au si ganzi.

Mtu pekee niliyemweleza yote ni mwenzangu tuliyekaa naye meza moja ghalani, mwanamke wa Kimakua. Sisi Wamakonde na wao ni watani: atanitukana mbele za watu, atabeba kuku wangu mchana kweupe, na mimi siruhusiwi kununa. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na korosho.

"Kumbe!" akasema. "Wenzako walichanjwa uso, wewe wakakuchanja masikio."

Sikucheka. Utani hunichelewea, naye analijua hilo. Kisha akaniuliza kitu ambacho dada hakuuliza, wala mjomba.

"Ngoma ikiwa upande wa pili wa ukuta, unaiweza?"

"Naivumilia."

"Na watu wakinyamaza kidogo tu, unaweza kusimama mbele yao?"

"Wakinyamaza, naweza."

"Basi niachie mimi, Mmakonde mbishi wewe."

Siku ilipofika akaja Mkunya na lori la mizigo, kajifunga kibwebwe. Wapigaji walikuwa bado wanakausha ngoma zao kwenye moto wa majani aliponidaka mkono mbele ya umati. "Huyu leo mateka wangu!" Akanisukuma ndani ya nyumba ya dada, akafunga mlango, akakaa kizingitini na mchi mkononi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hakuna aliyeuliza mama wa mwali yuko wapi, kila mtu alijua yuko wapi. Utani ni utani, hata mjomba hana ruhusa ya kuuingilia.

Ngoma zikapigwa. Niliegemeza paji la uso ukutani, pamba masikioni, nikavumilia. Iliniuma, lakini sikukimbia. Baadaye nikasikia sauti ya mtani wangu imepaa juu ya zote.

"Nyamazeni! Mwali hapokelewi mpaka mateka wangu akombolewe! Na nataka mtu wa damu yake!"

Ngoma zikanyamaza. Haki ya Mungu, zikanyamaza zote.

Kisha mlango ukafunguliwa, na aliyesimama pale alikuwa binti yangu mkubwa. Mabega wazi. Kanga yake ilikuwa tayari mkononi mwa mtani, fidia ya kunikomboa.

"Kumbe inawezekana," akasema polepole. "Mbona siku yangu hakuna aliyekufungia?"

"Nilikuwa sijajua, mwanangu. Nimeambiwa juzi tu hospitali. Masikio yangu ndivyo yalivyo tangu kuzaliwa."

Alinitazama. Nikainamisha macho, maana kutazamwa pia kunaniuma.

"Njoo umfunike mdogo wangu wakiwa kimya," akasema. "Wakianza tena, wewe ondoka, mama. Nitasimama mimi."

Nilitoka. Nilimfunika mtoto wangu kanga, nikamshika mabega kwa nguvu, naye akanishika. Ngoma zikaanza. Nikarudi ndani nikilia, mara ya kwanza tangu siku ya daktari, na nilipochungulia dirishani nikamwona binti yangu mkubwa, mabega wazi, amesimama mahali pangu.