Mabega ya Rugaju

Moshi wa samadi ndio unaonirudisha kwetu. Kila alfajiri, kule Bweranyange, Mama aliwasha samadi kavu langoni mwa zizi ili nzi wapungue wakati wa kukamua, na moshi ule mzito uliingia kwenye nywele, kwenye nguo, hata kwenye maziwa yenyewe. Wengine wakikumbuka moshi wa kwao hulainika moyo. Mimi hukasirika, maana ndani yake namwona fahali Rugaju akiingia zizini kwetu kwa mara ya kwanza, mwekundu, kichwa chini, mabega yameziba lango zima, na wanaume wakimshangilia.

Aliletwa na Kaganda, rafiki wa Baba wa kuchanjiana damu. Wazee walimzunguka yule fahali asubuhi nzima. Walisifu pembe, walisifu nundu, walishika shingo kama watu wanaopapasa kitambaa dukani. Mmoja alisema nyama ya paja lile ingelisha harusi na wazamiaji wake. Hakuna aliyeuliza mama yake alimzaaje, wala dada zake walizaaje. Na si kwamba walisahau. Kwetu, fahali wa urafiki haulizwi ukoo. Kuuliza mama wa fahali alizaaje ni sawa na kumuuliza rafiki yako habari za uzazi wa mama yake.

Mama aliuliza, lakini kwa mlango wa nyuma. Alikuwa na mtamba wake mmoja, Kyasha, mwenye baka jeupe usoni, mzao wa ng'ombe aliyepewa na baba yake alipoolewa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa mchanga, na maziwa ya Mama yalikuwa yamekauka kwa homa. Ng'ombe wetu wa kukamuliwa nao walikuwa wamekauka mwaka ule, tukaomba maziwa kwa majirani, leo huku, kesho kule, na majirani walikuwa wameanza kuchelewa kuitikia hodi. Kyasha akizaa, mtoto angekunywa. Basi Mama alikwenda kwa mke wa Kaganda kwa kisingizio cha kuazima chungu. Aliporudi uso wake ulikuwa wa majivu. Yule mama alikuwa amemwambia hivi, akicheka kicheko kisichofika machoni: "Dada, ndama wa Rugaju huja duniani na mabega ya baba yao. Mitamba wetu wameishia hapo."

Mama alimweleza Baba yote, kwa sauti ya chini na kwa heshima. Akamwomba Kyasha apelekwe kwa fahali mdogo wa jirani, yule mwembamba aliyechekwa na kila mtu, lakini ambaye ndama wake walisimama na kunyonya kabla kondo la nyuma halijatoka. Baba alikuwa akinoa panga. Hakuinua macho.

"Nimkatae ndugu yangu kwa maneno ya wanawake wa kuazimana vyungu?"

Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Rugaju akampanda Kyasha na mitamba wote wa Baba, na mimba zikakua. Vuli ilipoanza, mtamba wa kwanza alikufa akizaa, na wanaume wakasema ni jicho la mtu. Wa pili akafa, tukafanyiwa maombi. Kila jioni Mama alipitisha kiganja kwenye nyonga za Kyasha, nyonga nyembamba za kisichana, kisha akapapasa ubavu pale ndama aliporusha teke. Sikuwahi kumwona mtu akiogopa teke la uhai namna ile.

Siku yake ilipofika, kwato mbili zilitangulia, nene, zimekaa vizuri. Kisha pua. Kisha basi. Mabega yalikwama. Wanaume walifunga kamba wakavuta, Mama akapiga magoti kwenye matope, mkono umezama hadi kiwiko, akimwita Kyasha kama anavyoitwa mtu. Ndama alitoka amekufa. Alikuwa mzuri mno, mwekundu kama baba yake. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kyasha hakusimama tena.

Mdogo wangu tulimzika kabla kahawa haijaiva. Kaganda alikuja msibani, akatoa pole, akakaa na Baba. Nilikuwa nikipita na maji nikamsikia akiuliza, "Na fahali wetu hajambo?"

Baba akajibu, "Hajambo kabisa. Anazidi kunenepa."

Leo mimi nina mtoto mgongoni. Nimesoma hadi sekondari, na siku mwalimu alipotueleza kwamba kiumbe hurithi kwa baba na kwa mama pia, niliuma meno darasani nisije nikalia. Nilidhani tumeendelea. Siku hizi wanaume hawasifu pembe, wanasifu uzito, kwa sababu wachuuzi wa nyama mnadani wanataka mnyama mkubwa. Wiki iliyopita mume wangu alirudi na habari za fahali kama mlima, atakayeletwa na rafiki yake. Nilimuuliza mitamba wangapi wamezaa naye salama wakabaki hai. Akaniambia, kwa upole, nisimwaibishe mbele ya watu.

Nitamwaibisha. Mtamba wangu nimemfunga nyuma ya jiko, na nimesema mbele ya mama mkwe wangu kwamba fahali huyo hatamgusa mpaka nionyeshwe binti zake, wamesimama, na ndama wao chini wakinyonya. Mama mkwe amenuna. Asubuhi hii wanaume walioitwa na mume wangu wamekuja kukata miti ya kupanua lango la zizi, mabega ya fahali yapate kupita.