Stima ya ploti yetu Suna ilikuwa inakatika kila Ijumaa, na Mwita wa welding karibu afukuzwe

Ijumaa, mwezi wa tano. Asubuhi manyunyu, mchana jua kali mpaka mabati yanalia, jioni mawingu yamejaa upande wa ziwa lakini hayajashuka.

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi nimekuwa msomaji wa nyuzi za wengine muda mrefu, huu ndio wangu wa kwanza. Yale niliona nitasema niliona. Yale niliambiwa nitasema niliambiwa. Majina nimebadilisha.

Kiswahili changu ni cha kinyozi aliyeachia darasa la nane, mnivumilie.

Niko Suna, hapa Migori. Nina kinyozi ndogo mbele ya ploti fulani, na nyuma kwa hiyo hiyo ploti ndiko nakaa na bibi yangu na watoto. Nyumba za kupanga ziko kwa mstari, na kando ya geti kuna kibanda cha mabati cha welding.

Hapo ndipo anafanya Mwita. Ni Mkuria, kwao ni karibu na mpaka wa Tanzania. Anatengeneza milango, madirisha, vitanda vya chuma. Ukimtoa hapo umemmaliza, kwa sababu wateja wengi hata jina lake hawalijui. Wanajua tu "yule wa kando ya geti."

Mwenye ploti ni mama mjane tunamwita Nyar Kisegi, maana yake binti wa Kisegi, kule alikozaliwa. Anakaa humo humo kwa ploti. Ni Msabato na ni shemasi kanisani. Nyumba zake anapenda kuwapa watu wa kanisa lake. Lakini nisimwonee, mimi ni Mkatoliki na alinipa. Mwita pia si Msabato na alimpa.

Sasa shida yenyewe.

Tangu mwaka huu uanze, stima ilikuwa inapotea Ijumaa jioni. Sio ile ya mtaa mzima. Majirani wanawaka, sisi giza. Ukienda kwa boksi ya mita unapata swichi kubwa imeruka. Unairudisha, inakaa kidogo, inaruka tena.

Kwangu Ijumaa jioni ndiyo biashara, kwa sababu Wasabato wananyolewa siku hiyo wakijitayarisha kwa ibada ya kesho. Kuna mwalimu mmoja stima ilimpotelea akiwa amenyolewa upande mmoja. Alikaa kwa kiti na kitambaa shingoni, akangoja, mwishowe akaniuliza, "Sasa kinyozi, kesho nisimame mbele ya watu na nusu kichwa?"

Nilimmalizia na wembe na maji. Hajawahi kurudi. Simlaumu.

Watu wakaanza kusema ni Mwita. Hapa lazima niseme ukweli wote, si nusu. Mwita akichoma chuma, taa zinacheza kweli. Zinafifia, zinarudi. Hiyo nimeona mara nyingi. Kwa hivyo mtu aliyemtaja Mwita hakutoa jina hewani.

Nyar Kisegi aliita fundi wa kwanza kutoka hapa sokoni. Akaangalia boksi, akasema dawa ni kuweka swichi kubwa zaidi, hiyo haitaruka ovyo. Nyar Kisegi akakataa. Akasema nyumba yake haiguswi na mtu hana laiseni. Hiyo nampa heshima mpaka leo, na mtaona kwa nini.

Akaita Fundi Okeyo kutoka Homa Bay. Huyo ana laiseni, na wanajuana kutoka makambi ya kanisa.

Okeyo alikuja katikati ya wiki. Alipima soketi za kila nyumba. Akafungua boksi, akabana waya na kile kipima cha mdomo kama koleo, akasoma ni stima ngapi inapita. Akasema kila kitu kiko sawa. Wiki iliyofuata akarudi, tena katikati ya wiki, tena sawa. Na siku hiyo ya pili Mwita alikuwa anachoma geti nzima na swichi haikuruka.

Mimi nilidhani hapo Mwita ameokoka. Nyar Kisegi akasema, "Fundi akija, huyu anachoma polepole."

Sijui kuchoma polepole ni kufanya nini. Labda iko, mimi si mtu wa chuma.

Basi akaenda kwa kibanda. Nilikuwa mlangoni kwangu nasikia.

"Mwita, mwanangu, mwisho wa mwezi uniachie kibanda."

"Mama, fundi alisema nini?"

"Alisema hajaona kitu. Na kile hakionekani ndicho kibaya zaidi."

"Kwa hivyo nahamishwa na kitu hakijaonekana?"

"Usinijibu kama wakili, Mwita." Halafu akanigeukia. "Na wewe kinyozi, si macho yako yako nje siku nzima? Sema hapa. Ni yeye au si yeye?"

Wakuu, nilisema sijui.

Mwita aliniangalia, halafu akavaa kioo chake cha kuchomea akaendelea. Nyar Kisegi akatoa sauti ya mdomo, ile ya kudharau, akaenda. Wote wawili hawakufurahi na mimi. Lakini sikuwa najua. Ningesema si yeye ningekuwa nabahatisha, na ningesema ni yeye ningekuwa nabahatisha na riziki ya mtu. Mpaka sasa nikijiuliza nilifaa kusema nini, sipati.

Kile niliweza kufanya ni kumpigia Okeyo simu.

"Fundi, hii shida inakuja Ijumaa. Si uje Ijumaa?"

Akacheka. "Omera, ndugu yangu, Ijumaa saa kumi mimi nishafika nyumbani Homa Bay, napiga shati pasi. Mama watoto amewasha koili kwa ndoo ya maji ya kuoga, binti yangu anangojea pasi, huku birika..."

Nikadhani network imeenda.

"Haloo, fundi?"

"Niko. Hiyo ploti, watu wa Sabato ni wangapi?"

"Karibu wote. Ututoe mimi na Mwita."

"Aa," akasema. Halafu, "Ijumaa nakuja. Nitalala kwa dada yangu, ameolewa hapo Suna."

Kwa wale hawajakaa na Wasabato: siku yao inaanza jua likizama Ijumaa. Kabla ya hapo kila kazi iwe imeisha. Kupika, kuoga, kupiga pasi nguo za kanisa za watu wote wa nyumba. Kwa hivyo Ijumaa jioni ploti nzima inakimbizana na jua. Kwangu sisi tunapiga pasi Jumapili asubuhi tukiwa tumeshachelewa misa.

Leo Okeyo amefika baada ya chakula cha mchana. Kitu cha kwanza alimwambia Mwita azime kila kitu na afunge kibanda.

"Unanifungia kabla ya kesi?" Mwita akauliza.

"Nakutoa kwa kesi. Zima, uje ukae hapa karibu na mimi watu wakuone."

Mwita akageuza ndoo, akakaa kando ya boksi ya mita. Okeyo akaniambia nisinyoe mtu kwanza, ili asichanganyikiwe. Nikawaambia wateja wawili wangoje. Wakakubali, walitaka pia kuona sinema.

Kutoka kwa boksi kunatoka waya mbili. Moja inaenda kwa Mwita peke yake. Nyingine inabeba kinyozi na nyumba zote. Okeyo akabana kipima kwa hiyo ya nyumba. Namba ilikuwa chini kabisa.

Tukangoja.

Jua likaanza kuinama. Nyumba ya kwanza tukasikia harufu ya pasi kwa kitambaa. Ya pili mama akapita na ndoo ya maji na koili mkononi. Ya tatu birika. Mama wa nyumba ya mwisho akatoka nje, akaangalia jua kama anaangalia saa, akarudi ndani mbio. Namba ikapanda. Ikapanda tena.

Okeyo akaita Nyar Kisegi. "Mama, soma hapo."

"Sijabeba miwani."

"Basi simama tu, utasikia."

Swichi ikaruka. Tap!

Na papo hapo, kutoka nyumba ya tatu, huyo mama wa birika akapiga kelele bila hata kutoka nje: "Mwitaaa! Zima hiyo kitu yako!"

Mwita alikuwa ameketi kwa ndoo, mikono kwa magoti, mita moja kutoka kwa Nyar Kisegi.

"Niko hapa, mama," akajibu. "Nimekaa tu."

Hakuna mtu alicheka mara moja. Halafu mteja wangu mmoja akashindwa, na tukacheka wote. Nyar Kisegi hakucheka.

Lakini Okeyo hakumalizia hapo. Alisema swichi kuruka ni swichi kufanya kazi yake, na anasikia harufu ya plastiki kuungua. Mimi sikuwa naisikia, kwa kinyozi pua inazoea spiriti. Akachukua ngazi akapanda juu ya dari pale mstari wa nyumba za mbele unaisha na za nyuma zinaanza.

Aliposhuka alikuwa na kipande cha tepi nyeusi imeyeyuka kama ulimbo. Akatuelezea. Nyumba za nyuma zilipoongezwa, waya yao ilichukuliwa kutoka kwa waya ya nyumba za mbele, ikasokotwa na kufungwa tepi. Hiyo waya ni nyembamba, iliwekewa nyumba chache. Siku za kawaida inavumilia. Ijumaa inapikwa. Mbao iliyo karibu imeshakuwa nyeusi.

"Na ungeweka swichi kubwa?" nikauliza.

"Isingeruka. Waya ingeendelea kupikwa mpaka mbao ishike moto, na watu wako ndani."

Nyar Kisegi akasema, "Ni mimi niliwaambia waunganishe hapo." Hakuna mtu alikuwa amemuuliza. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Okeyo akatoa waya ya nyumba kwa boksi, akaikunja pembeni. Akasema hawezi kuirudisha hivyo. Inataka waya mpya nzito mpaka nyuma, na nyumba za nyuma ziwe na swichi yao.

"Anza sasa," Nyar Kisegi akasema.

"Mama, angalia jua. Nikianza sitamaliza. Na nikimaliza nitakuwa nimevunja Sabato kwa ploti ya shemasi. Jumapili asubuhi niko hapa."



Halafu Okeyo akapima waya ya Mwita. Nzito, moja kwa moja, haina kiungo. Akarudisha swichi, na taa ya kibanda ikawaka. Ndiyo taa pekee ilikuwa inawaka ploti nzima.

Kina mama walikuwa wameshatoka wote. Wengine na pasi mkononi, nguo begani. Wakaangalia taa, wakaangalia chini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Jua nalo lilikuwa linaendelea na safari yake.

Bibi yangu, ambaye hata hana haja na Ijumaa, ndiye aliuliza. "Mwita, soketi yako inafanya?"

"Inafanya."

"Pasi moja," Okeyo akasema. "Mkiweka mbili naondoka na sitarudi."

Mwita akafungua kibanda, akafagia vumbi la chuma kwa meza yake, akaniomba kitambaa changu kisafi cha kunyolea. Nikampa. Akatandika. Kina mama wakapanga laini.

"Wewe mama wa nyumba ya tatu," akamwambia yule wa birika, "sauti yako nimeisikia mpaka Isebania. Leo unakuwa wa mwisho."

"Nisamehe, jirani, ni ulimi tu."

"Basi ulimi ukae nje, nguo iingie."

Wakacheka. Hakumweka mwisho, alimpisha na wengine.

Wa mwisho alikuwa Nyar Kisegi. Alikuja na gauni jeupe mkononi, akasimama nje kwa kizingiti. Mimi nilikuwa hapo nangoja kitambaa changu.

"Mwita."

"Mama."

"Ile maneno ya mwisho wa mwezi. Usahau."

Mwita alikuwa anapanguza pasi. Hakuinua kichwa.

"Kusahau sitasahau, mama. Lakini kuhama pia sitahama."

"Hiyo ni haki," Nyar Kisegi akasema.

"Ingia basi. Jua linaisha."

Akaingia. Mwita akamwachia meza, akatoka nje akasimama na mimi.

Funzo, kama naruhusiwa kutoa. Fundi akija siku ambayo shida haiko, atapima siku hiyo, si shida. Mwite saa ile vitu vyote vimewaka. Swichi ikiruka usiilaani, na mtu akikuambia weka kubwa zaidi, kwanza uliza waya iko namna gani. Harufu ya plastiki kuungua usiizoee. Na jina la mtu likitajwa, zima vitu vyake kwanza muone kama shida inaondoka naye.

Mlio na ujuzi wa stima, kama nimeeleza vibaya nirekebisheni hapa chini, sitakasirika. Na nyinyi mnaokaa kwa ploti za kupanga: kwenu stima ikipotea, kelele inaenda kwa nani? Na je, ungekuwa mimi pale mlangoni, ungejibu nini?

Jioni hii tumekula ugali na omena, wale dagaa wa ziwa, ya nyanya, na mboga ya kunde iliyobaki jana. Mtoto wa mwisho amekataa omena, akala ugali na mchuzi.