Suruali Moja, Zamu Mbili

Niliondoka Al Wakrah Ijumaa baada ya swala. Moto ulikuwa umeteketeza vyumba kadhaa vya kambi ya wafanyakazi kule Industrial Area, Doha, na sisi watu wa Tanga hatwendi kwa waliofikwa mikono mitupu. Nilibeba sufuria ya pilau niliyoifunika kwa kikoi. Alhamdulillahi, hakuna aliyekufa.

Njiani rafiki yangu Shabani, dereva wa nyumbani kwa Waarabu, alinisimanga bila huruma. "Pilipili zote hizo! Unataka waungue mara ya pili?"

Getini nilicheka mwenyewe. Waswahili wote wa Doha walikuwa wamewaza sufuria kama mimi. Watu walikula, wakasimulia, wakala tena. Mutiso tu, mlinzi Mkenya, alikaa pembeni na bukta yake.

"Kula, ndugu yangu."

"Bro, food iko mob. Shida ni uniform. Moto ilinipata nimelala, nikatoka na hii tu. Nikimiss shift ya jioni, hao wananirudisha Machakos."

Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na stoo ya kampuni haifunguliwi Ijumaa. Niliumia moyo. Mimi fundi cherehani wa hoteli, nimekuja na nyama, sindano nimeiacha nyumbani.

Jua lilipopungua, basi la kampuni liliwaleta walinzi wa mchana. Hilohilo huwachukua wa usiku. Akashuka Wasswa, Mganda anayelala chumba kimoja na Mutiso, sare yake ikiwa mwilini.

"Wasswa, vua!" nikamwambia, nikimwonyesha Mutiso.

"Naye ssebo! Lakini bwana, mbele ya watu?"

Nikampa kikoi. Akaenda nyuma ya basi, akarudi akichekelea, nguo mkononi.

Wasswa ni mfupi, Mutiso mrefu kama nguzo ya umeme. Jirani Mnepali alileta sindano na uzi, mwenzake akavua viatu akampa Mutiso. Nilifumua pindo nikaanza kushona, Mutiso akiwa ameshaivaa suruali, dereva wa basi akipiga honi: "Yalla! Yalla!" Kisha akauona ukuta ulioungua. Akazima injini, akashuka kula pilau. Mutiso alipanda basi vifundo vya miguu vikiwa nje, na nilifurahi kama niliyemwoza mwanangu.

Nilirudi Al Wakrah na sufuria tupu. Nilichojifunza ni kuuliza kabla ya kupika.

Asubuhi, walinisimulia baadaye, Mutiso alishuka kwenye basi, akavua. Wasswa akavaa, ingali na joto. Stoo ilichelewa kutoa sare mpya, basi wiki nzima suruali ile haikulala, wala hakuna aliyerudishwa kwao.