Moto Nilioukoka Kabla ya Wageni

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kuwasha moto. Haukuwa moto mbaya. Haukuunguza hema wala kumjeruhi mtu, na mpaka leo sijawahi kuwasha mzuri kuliko ule. Kosa ni kwamba niliukoka kabla wenyewe hawajafika.

Nawaandikia vijana wanaoingia katika kazi ya kupanga kambi za jangwani hapa Dubai. Baridi hii mimi sitoki tena. Nimehamishiwa ofisini kupokea simu za wateja, na wenzangu ninaokaa nao chumba kimoja Al Mankhool wananiita mstaafu, ingawa sijafika hata miaka thelathini. Mniwie radhi nikisema kama mzee. Misimu niliyofanya ni michache, lakini niliifanya kwa hofu, na mtu anayefanya kazi kwa hofu hasahau kitu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilitoka Mombasa kuja kuuza vitambaa dukani Bur Dubai, nikasikia kuna kampuni ndogo inatafuta watu wa kambi, nikasema naiweza kazi hiyo. Sikuwa naiweza. Nikakaa na simu nikitazama video za watu wanaofunga hema, na mafundo ya kamba nikayafanyia mazoezi kwenye miguu ya kitanda changu. Wenzangu walikuwa wakijikwaa wakienda chooni. Mmoja aliniuliza kama nimekuja Dubai kutega panya. Duka nikaliacha bila kuwa na uhakika wowote, na tangu siku hiyo nikaamua kwamba dawa ya kutojua ni kutokosea kabisa.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, iko hivi. Wakati wa joto hapa hakuna mtu anayekaa nje kwa hiari yake. Watu hutoka kwenye kiyoyozi cha nyumba wakaingia kwenye kiyoyozi cha gari. Kipupwe kikiingia, mji mzima unatoka nje kama watoto waliofunguliwa shule. Wanavaa masweta yaliyokaa kabatini mwaka mzima, wanabeba mablanketi, birika na mishikaki, wanaelekea mchangani kukaa kuzunguka moto. Wengine hutandika mkeka wao popote. Wengine hutuita sisi.

Gari likifika ukingo wa lami, tunapunguza upepo wa matairi yalale bapa kidogo, yasizame. Tunatafuta mahali nyuma ya kilima cha mchanga, kwa sababu jioni huvuma shamali, upepo wa kaskazini, na mlango wa hema ukiukabili upepo huo wageni watakula mchanga kabla ya chakula. Katika mchanga laini kigingi hakishiki. Tunajaza mchanga kwenye mfuko, tunaufukia, kamba tunaifunga kwenye mfuko. Moto hauwashwi chini. Tunatumia seredani kubwa ya chuma yenye miguu, ili tukiondoka tusiache majivu nyuma yetu.

Haya yote nilielezwa siku ya kwanza na Supavaiza, mtu wa Malindi, mpole, aliyezungumza huku akitafuna mswaki.

“Mazulia kwanza, mito baadaye, seredani mwisho,” aliniambia. “Kuni ziweke kando. Mimi naenda kambi ya pili, nitarudi. Hawa wa leo ni watu wazuri. Wa Mirdif. Asili yao Unguja, wako hapa tangu zamani. Kuna mzee wao, Babu. Utampenda.”

Akaondoka, nikabaki peke yangu na woga wangu. Nikatandika mazulia, nikayanyoosha, nikayatandua, nikayatandika upya kwa sababu pindo moja halikuwa sambamba na jingine. Nikachukua reki nikachana mchanga wote wa mbele ya hema ukawa kama nywele zilizotiwa mafuta. Muda ukabaki. Nikatazama kuni zilizokaa kando, nikaona ni aibu wageni wakute seredani baridi. Nikawasha. Kisha nikaona makaa yamekuwa mekundu vizuri, nikatoa nyama kwenye kasha la barafu, nikachoma mishikaki yote, nikaifunika kwa karatasi ya fedha. Nikachemsha chai ya karak kwa maziwa na iliki, nikaitia kwenye chupa. Nikasimama kando, mikono nyuma, nikisubiri sifa.

Wakafika kabla ya magharibi. Alishuka binti wa mzee, ambaye mimi nilimwita madam, na watoto wake, na mwisho akashuka Babu mwenyewe, kavaa koti zito juu ya kanzu, kofia ya kiua kichwani. Watoto wakakimbilia mchanga. Mdomo wangu ukasema wenyewe, “Polepole hapo, nimeshapachana kwa reki!” Wakasimama, wakatazamana, wakapita pembeni kwa kufuatana kama watu wa msikitini wanaochelea kuvuka mbele ya anayeswali.

Babu alikuja mpaka kwenye seredani. Akatazama moto.

“Nani kaukoka moto huu?”

“Mimi, Babu. Shikamoo.”

“Marahaba.” Akafunua karatasi ya fedha, akaona mishikaki, akaifunika tena. “Na nyama ushachoma.”

“Yote, Babu. Na chai iko tayari.”

“Mashallah,” alisema, lakini si kwa namna nilivyotaka kuisikia. Akakaa kidogo kwenye mto, akanyanyuka, akasema kiuno kinamuuma, akaenda kukaa ndani ya gari na mlango akaufunga. Watoto walikula kimya wakicheza na simu zao. Hata isha haijaingia, wakaondoka. Mimi nilikuwa nafurahi bado. Nilidhani nimefanya kazi safi mpaka hawakuwa na la kulalamikia.

Kesho yake Arbab, mwenye kampuni, aliniita. Madam alikuwa amepiga simu kusema hawatakuja tena msimu ule.

“Mzee huyu mteja wangu tangu nina gari moja,” Arbab alisema. “Wewe siku moja tu, yeye hataki jangwa tena. Sikiliza. Akirudi, unabaki. Asiporudi, khalas, imekwisha, viza sikuandikii. Tafuta kafeel mwingine.”

Kafeel ni mdhamini wako, na bila yeye huna viza. Duka la vitambaa lilishamwajiri mtu mwingine. Nyumbani nilikuwa nimeshajisifu kwamba nimepata kazi ya maana. Nikatoka nje, nikamkuta Supavaiza anaosha mazulia kwa mpira wa maji.

“Supavaiza, ni nini nilichokosa? Niambie. Mito? Chai?”

“Hukukosa kitu,” alisema. “Ndiyo shida yenyewe. Umewafanyia kila kitu. Sasa wao waje kufanya nini? Kula wangekula kwao Mirdif, na viti vya maana wanavyo.”

“Lakini wanatulipa.”

“Wanatulipa tubebe vitu vizito, ndugu yangu. Hawatulipi tuwafurahie furaha yao.”

Sikumwelewa. Nilimwelewa madam, nilipompigia kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana nilikuwa na maneno mengi, kisha akasema taratibu, “Kijana, usijione vibaya. Nyumbani hatumwachi aguse kitu. Dereva anampeleka msikitini, dada wa kazi anamletea chai mpaka kitandani. Hata taa tunamzimia. Huko mchangani kazi yake ni moto. Kila baridi yeye ndiye mkoka moto wetu, na sisi kazi yetu ni kumcheka. Hiyo ndiyo iliyobaki. Jana kaniuliza, sasa mimi nije kufanya nini?”

Nikamwomba waje mara moja tu. Nikamwahidi nitaweka mazulia na seredani tupu, basi. Nikasikia akimgeukia mtu chumbani, kisha sauti ya Babu kwa mbali: “Na yule mmaliza kazi atakuwepo?”

“Atakuwepo, Baba.”

“Afungwe kamba basi.”

Walikuja Jumamosi iliyofuata. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, na kuni zilikuwa zimepata umande. Nilijua hazitashika. Mfukoni nilikuwa na kiberiti cha gesi na vile vibonge vyeupe vya kuwashia mkaa, na Supavaiza alijua ninavyo, maana alikuwa akiutazama mkono wangu kila ulipoelekea mfukoni.

Babu akavua koti, akapanga kuni. Alizipanga ovyo, nasema kweli, nene chini na nyembamba juu. Akawasha karatasi ikazimika. Akawasha nyingine. Moshi ukatoka mwingi, ukageuka, ukaingia hemani.

“Babu, unatufukiza!” mjukuu mmoja alipiga kelele.

“Nakufukizeni mbu watoke!”

“Jangwani hakuna mbu, Babu!”

“Basi mnaona, wameshakimbia.”

Madam alikuwa anacheka huku anapangusa macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu yale ambayo yangeharibika: nyama ingechelewa, watoto wangesikia njaa, mzee angechoka, angekwenda garini, Arbab angesema khalas. Nilikwenda nyuma ya gari nisione. Nikashika bampa kwa mikono yote miwili. Siwezi kueleza vizuri ilivyo mtu anapoona jambo linakwenda kombo na dawa yake anayo mfukoni, na kazi yake yote ni kutoitoa.

“Weye! Mmaliza kazi!” Babu aliita. “Njoo hapa.”

Nikaenda mbio. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni.

“Shika zulia lile, unikingie upepo. Simama hapo. Si hapo. Hapo. Na usiseme neno.”

Nikainua zulia kwa mikono miwili, nikawa ukuta. Nilisimama hivyo mpaka mabega yakawaka moto kabla ya kuni. Nyuma ya zulia sikuona kitu, nilisikia tu mzee anapuliza, anakohoa, anazisema kuni, anapuliza tena. Akazipangua, akaweka vijiti chini safari hii. Kisha watoto wakapiga makofi, na nikahisi joto kwenye vidole vyangu.

“Haya, shusha,” alisema Babu. Uso wake ulikuwa na masizi mpaka kwenye kofia.

Mishikaki walichoma wenyewe. Nje ilikuwa nyeusi, ndani ilikuwa bado inamkumbuka ng'ombe. Mjukuu mdogo aliangusha mshikaki wake mchangani, akausuuza kwa chai, akala. Niliona, nikamwacha. Chai madam aliitia tangawizi mpaka ikawa kama dawa ya kifua, na kila aliyeinywa alikohoa na kuomba nyingine. Baridi ilikuwa imeshuka. Nilisimama kando kama nilivyozoea, mikono nyuma.

“Kaa ule,” Babu aliniambia. “Umesimama kama mlinzi wa benki. Nani atatuibia mchanga?”

Nikamtazama Supavaiza. Alikuwa ameshakaa zamani, na mdomo umejaa. Nikakaa. Madam akanirushia blanketi. Nikala nyama ile mbichi, na kwa mara ya kwanza tangu niingie Dubai sikuwa na jambo la kurekebisha. Babu alikuwa akichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Walipokuwa wanafunga mizigo, Babu alimwambia binti yake, nami nikasikia, “Jumamosi ijayo tuje tena. Na huyu awepo. Ana mikono mizuri ya kushika zulia.”

Viza niliandikiwa. Arbab hakusema kitu zaidi ya “Yalla, kazini,” na kwake hilo lilikuwa neno zuri.

Baada ya hapo nilipewa kambi ndogo, kisha kubwa. Nikajifunza kwamba kila familia ina jambo lake ambalo ukiwafanyia umewaibia. Kuna iliyokuwa ikileta unga wake wa chapati, na mama yao hakutaka meza wala kibao, alisukuma juu ya sinia akiwa amekaa chini. Kuna mabwana waliotaka kuhangaika na hema wenyewe mpaka lianguke mara moja, ndipo watuite. Niliacha kuuliza wageni wangapi na nyama kiasi gani kwanza. Swali langu la kwanza kwenye simu likawa, “Kwenu huwa nani anawasha moto?” Watu hucheka, kisha wanataja jina. Hilo swali ndilo nililoongeza katika kazi hii. Mengine yote niliyakuta.

Nje ya kazi ilinichukua muda zaidi. Rafiki zangu wanaoishi Discovery Gardens huwa tunakutana siku za mapumziko, wakati wa baridi, tunachoma mihogo na mahindi, tunakaa mpaka masikio yawe baridi. Zamani nilikuwa nikifika napangua mkaa wao, nakata upya kachumbari yao, nasogeza viti. Walinivumilia. Siku moja Hamisi, ambaye ni mpishi wa hoteli na angeweza kunifundisha mimi, alinipokonya koleo akasema, “Wewe mgeni leo. Kaa hapo uone baridi.” Nilikaa. Muhogo ukaungua upande mmoja, wakaula, nikaula.

Vijana mnaoingia, sina ujuzi mkubwa wa kuwaachia. Fungeni kamba vizuri, kwa sababu hema likimwangukia mtoto hakuna wa kucheka. Makaa yakimwagika, yazimeni kwa maji, si kwa mchanga, maana chini ya mchanga hubaki hai, na mtu anaweza kuja kesho akayakanyaga. Hapo msikosee. Yaliyobaki waachieni wenyewe.

Zamani usiku wa kuamkia kazi sikuwa nalala. Sasa nalala. Nikialikwa mahali naenda mikono mitupu, nakaa ninapoonyeshwa, na nikiona moto wa mtu haushiki, namuuliza kama anataka nimkingie upepo.