Siku Tatu na Mzee Kasoro

Mimi nina domo, sikatai. Miaka ishirini na sita nilikaa kwenye chumba cha simu cha hospitali, naunganisha watu na wodi, naita madaktari kwa kipaza sauti. Siku kipaza sauti kilipoharibika walinifungulia mlango tu, nikaita kutoka ukumbini, na madaktari wakaja. Wenzangu wakanibandika jina la Spika. Sasa nimestaafu, mume wangu ametangulia mwaka wa tano huu, mwanangu wa pekee yuko mbali na hupiga simu Jumapili moja moja. Domo limebaki nami humu ndani, halina wa kumsumbua.

Mtu ninayetaka kusimulia habari zake alikuja kwangu na kijiko, yaani lile trekta lenye koleo pana mbele na mkono mrefu wa kuchimbia nyuma. Nilikikodi siku tatu kwenye yadi ya mashine, pamoja na dereva wake, kwa sababu kila mvua iliponyesha maji ya barabara ya juu yaliingia chumba cha nyuma mpaka kwenye miguu ya kitanda. Mwanangu alisema niuze nyumba. Mimi nikasema nitachimba mtaro.

Aliingia saa moja asubuhi kamili. Mwembamba, mvi zimemjaa, ovaroli imepigwa pasi. Akalaza koleo chini, akafunga breki, akazima, akatia ufunguo mfukoni, ndipo akashuka, uso kaelekeza kwenye mashine, mikono miwili imeshika vyuma. Nilidhani ataanza kazi. Wapi. Alitoa karatasi ya ukaguzi na kalamu, akaanza kuizunguka mashine. Akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Akaangalia maji ya rejeta, akagonga magurudumu, akapampu grisi kwenye pini moja baada ya nyingine mpaka ile chafu ikatoka pembeni. Mipira ya oili hakuigusa kwa mkono; aliipitishia kipande cha boksi, akaniambia oili ikipata tundu dogo kama la sindano inaingia mwilini kabla hujajua.

Mwisho akawasha ufunguo bila kuwasha injini, akaweka gia ya kurudi nyuma, akaenda nyuma kukibandika kiganja kile king'ora kinacholia mashine inaporudi, kama mtu anayempima mtoto homa. Akatikisa kichwa. Akaandika kwenye karatasi, akakaa chini.

"Sasa nini?" nikamuuliza.

"King'ora kimekufa. Nimewaandikia yadi walete kingine."

Saa mbili nzima tukangoja kitu cha kupiga kelele, katika kiwanja changu ambacho hakina hata kuku. Nilipandwa na hasira nikampa vidonge vyake: kwamba siku nimezilipia mimi, kwamba nikitaka kukaa bure naweza kukaa mwenyewe, nimeizoea kazi hiyo. Aliutazama mdomo wangu mpaka nikamaliza.

"Mashine yenye kasoro haifanyi kazi, mama," akasema. "Ndivyo karatasi inavyosema."

Mtu wa yadi aliyeleta king'ora alicheka sana. "Umempata Mzee Kasoro," akaniambia. "Huyu hata kofia yake ikitoboka ataiandikia."

Kisha Mzee Kasoro akaniuliza kama nina mtu wa kumwelekeza. Nikamwambia watu nilionao ndio hao anaowaona. Akanitazama mimi peke yangu.

"Basi ni wewe. Simama pale, mbali na mkono unapozungukia, mahali ninakuona uso. Nisipokuona, nasimama. Ukiinua mikono miwili nasimama, hata kama ni mbu tu amekuuma. Ukiwa na neno, njoo mbele yangu kwanza. Usiniite kutoka nyuma."

Nikaona ni masharti ya kazi, na ni ya maana. Akauliza nini kimefukiwa ardhini. Nikamwonyesha bomba la maji linapopita, na sehemu hiyo akaichimba kwa jembe la mkono, taratibu, mpaka bomba likaonekana.

Kumbe ile kazi ni tamu. Kidole juu, mkono unapanda. Kiganja chini, unashuka. Kila alipomwaga ndoo moja alinitazama, na mimi nikamjibu kwa kidole. Kwa muda mrefu sana hakuna mtu aliyekuwa akinitazama kila dakika.

Wakati wa kupumzika tulikaa kwenye ngazi za jikoni. Alichagua kukaa ngazi ya chini, amenigeukia, na mimi nikafungulia mdomo. Nilimweleza habari za hospitali, za wakwe, za mafua ya mwanangu alipokuwa mdogo. Hakunikatiza. Nikinyamaza, anatikisa kichwa kukubali. Nikasema moyoni, Mungu ameumba mwanamume anayesikiliza, na amemweka kwenye trekta.

Siku ya pili nilimwambia jambo ambalo hata mwanangu halijui. Mume wangu alilazwa hospitali ileile niliyofanyia kazi. Adhuhuri moja taa ya wodi yake iliwaka mezani kwangu. Nikapokea kama ninavyopokea, nikasikia nesi anaanza kusema, na kulikuwa na laini nyingine mbili zinangoja, nikamwambia, "Subiri." Neno moja tu. Niliporudi kwenye laini yake, nesi aliniambia nisipande tena mbio, mume wangu ameshakata roho. Nilikuwa ghorofa mbili tu chini yake. Nilimweleza Mzee Kasoro hayo yote nikilia waziwazi, na yeye akatikisa kichwa polepole, akanisogezea maji. Siku hiyo nililala vizuri.

Siku ya tatu zilibaki mita sita. Alikuwa ameshusha ile miguu miwili ya chuma ya pembeni inayoishikilia mashine isiyumbe, injini inanguruma polepole, anakwangua chini ya mtaro kuusawazisha. Mimi niko mahali pangu. Nikaona ufa umejichora kwenye udongo, kando ya mguu wa kulia. Ukawa mpana kama kidole. Ndipo nikakumbuka choo cha zamani tulichokifukia tulipohamia. Aliniuliza nini kiko ardhini, na mimi nikasema bomba tu.

Nikamwita. Nikaita kwa sauti ile ya ukumbini, mara tatu, mpaka jirani nyuma ya ukuta akaacha kufua na kuuliza kuna nini. Mtu aliyekuwa hatua kumi kutoka kwangu hakuinua hata kope. Nikainua mikono miwili na kungoja anitazame. Alikuwa bado anajaza ndoo. Mguu wa chuma ukazama, mashine ikainama upande wake, na mimi nimesimama na mikono juu bila cha kufanya.

Akaniona. Akaachia kila kitu papo hapo. Kisha akaikita ndoo kwenye ardhi ngumu ng'ambo ya pili, akauinua mguu uliozama kidogo kidogo, akaisogeza mashine mbele mpaka ikawa sawa. Akaizima, akashuka, akaenda kuchutama kwenye lile shimo, mgongo wake kwangu.

"Fundi, nisamehe," nikasema. "Palikuwa na choo, nilisahau."

Hakugeuka.

"Fundi, nakuomba radhi."

Akachukua kijiti, akaanza kuchokoa udongo.

"Fundi," nikasema, "suruali yako inawaka moto."

Akaendelea kuchokoa. Nikakaa juu ya udongo. Kwanza niliwaza ile mashine. Halafu nikawaza ngazi za jikoni, na hapo ndipo iliponiuma kweli.

Nikazunguka mbele yake. "Husikii," nikamwambia.

Alinitazama mdomo, kisha macho. Hakukana. Alisema sikio la kushoto lilikufa miaka minne iliyopita, na la kulia limekuwa likifuata tangu mwaka jana. Injini anaisikilizia kwenye kiti, kwa mwili. Yadi hawajui. Simu hapokei, anaandikiana nao tu, nao wanadhani ni ukali wake. Anakaa chumba cha ndani ya yadi, nyuma ya magurudumu mabovu. Mke alirudi kwao zamani, na watoto hawakupata.

"Nikitoka kwenye kiti hiki, mama, sina pengine pa kukaa. Nitapewa mpira wa maji nioshe mashine za wenzangu."

"Na mimi nilipokuwa nakusimulia?"

"Ukiongea polepole nashika kidogo kwenye midomo. Wewe unaongea haraka."

"Ulikuwa unatikisa kichwa."

"Ukinyamaza ndiyo natikisa."

Ningecheka kama ingekuwa ni habari ya mtu mwingine. "Na siku ile niliyolia?"

"Niliona unalia. Sikujua ni nini. Niliona si adabu kukwambia urudie."

Nilitaka kumsimulia upya yote pale pale, polepole, neno kwa neno. Nilifungua mdomo, mdomo ukagoma. Jambo lile nilikuwa nimeshalitoa mara moja, na sikuwa na nguvu ya mara ya pili.

Badala yake nikamwambia kwamba sitasema kwa mtu. Kosa la shimo ni langu, yeye alisimama nilipomwashiria, hakuna kilichovunjika. Atamaliza mita zake, nitatia sahihi, atakwenda zake. Niliyasema polepole, na yote aliyashika. Akatazama mahali pangu pa kusimama, akatazama ule mguu.

"Umeniita mara ngapi?"

Nilitaka kusema uongo. "Tatu."

Akaenda kwenye mashine, akachukua karatasi yake. Aliijaza akiwa amesimama, akiegemea gurudumu. Oili, sawa. Maji, sawa. Breki, sawa. King'ora, kipya. Chini, kwenye mstari wa kasoro, aliandika kwa herufi kubwa za mtu asiyetaka kuulizwa mara mbili: DEREVA HASIKII. Akanipa kalamu, maana mwenye kukodi lazima naye atie sahihi.

"Hii mbona unaweza kuiacha," nikamwambia.

"Nimerudisha mashine ngapi getini kwa kasoro ndogo kuliko hii," akasema.

Nilitia sahihi. Jina likaonekana la mtu mwingine.

Akawaandikia yadi kwa simu yake. Alasiri wakaja wawili na pikapu, mmoja ni dereva wa kumalizia kazi. Alizimaliza zile mita akipakwepa penye shimo, nami nikaelekeza kwa vidole kama nilivyofundishwa. Mzee Kasoro alikaa kwenye ngazi za jikoni, ufunguo hauko tena mfukoni mwake, hajui mikono yake aiweke wapi. Mashine ilipokuwa inatoka getini alisimama barabarani, mahali dereva anamwona uso, akaiongoza itoke kwa ishara za mikono, hatua kwa hatua, mpaka gurudumu la nyuma likavuka mfereji.

Kisha akanishika mkono, akasema mtaro umekaa vizuri, nisiache majani yauzibe. Akageuka kuelekea kwenye pikapu.

Nikamwambia kwaheri. Alikuwa ameshanipa mgongo, nami nalijua hilo, lakini nikasema tena, kwa sauti yangu yote. Akafungua mlango, akapanda, wakaondoka.

"Haya, kwaheri," jirani akaitikia nyuma ya ukuta.